Shekue Yuko Kazini

Hakuna upungufu.

Nimeanza hivyo kwa sababu nchini kwetu kila maandishi lazima yaanze hivyo, hata kadi ya harusi, na mimi si mtu wa kutafuta matatizo. Nimemaliza shule. Matokeo yalikuja, yakaniangalia, nikayaangalia, tukaachana. Sasa niko nyumbani, natembea kutoka mlango wa mbele mpaka wa uani, mpaka mama anasema nitaimaliza sakafu. Kwa hiyo muda wa kueleza ninao.

Sasa sikia. Mambo ya samaki yalianza hivi. Mtukufu Kiongozi wetu alikwenda ugenini kuomba kitu, sijui mkopo, sijui matrekta, akawekwa kusubiri. Yeye! Wapambe wakaanza kutetemeka, maana hajawahi kusubirishwa tangu azaliwe. Inasemekana hata siku ya kuzaliwa kwake hakumsubiri mkunga. Lakini kwenye chumba kile cha wageni kulikuwa na tangi la kioo, ndani maji ya chumvi, na ndani ya maji samaki mmoja wa manjano, kitatange, anakwenda anarudi, anakwenda anarudi. Mtukufu akamtazama. Jua likahama dirisha, bado anamtazama. Walipokuja kumwambia kwamba mwenyeji wake ameshasafiri, hakukasirika hata kidogo. Akasema, "Sawa."

Alivyorudi tu, redio ikatangaza Sera ya Taifa ya Kusubiri kwa Utulivu. Kila ofisi ya umma iwe na tangi la kioo na samaki wa bahari mwenye rangi. Mwananchi amtazame, atulie. Na kwa kuwa kusubiri sasa ni uzalendo, ukabandikwa ubao kila ukuta: ANAYESUBIRI ASISUMBULIWE. Polisi wakakatazwa kumgusa mtu aliyeko kwenye foleni.

Na kusema kweli sera ilifanya kazi. Ofisi ya ardhi watu walikuwa wanakaa mpaka wanasahau kiwanja ni cha nani. Hospitalini walitulia, yaani walitulia kweli, mpaka wengine ikabidi wabebwe.

Kilichotokea baadaye si kosa la mtu. Karani alipewa samaki wa rangi moja, mkuu wa kitengo rangi mbili, mkurugenzi rangi tatu na mapezi marefu. Ukiingia ofisini husomi kibao, unaangalia tangi, ndio unajua uinamishe kichwa kiasi gani. Lakini samaki wa bahari, mkaidi yule, ukimtia kwenye maji ya bomba yenye chumvi ya jikoni anakufa. Mkurugenzi akifiwa na samaki asubuhi, mchana ameshashuka cheo, jioni mkewe hamjibu salamu. Basi kila mtu akawa anatafuta samaki.

Bei ikapanda. Kitatange, ambaye zamani watoto walikuwa wanamvua wanamchezea wanamrudisha, akawa sawa na mbuzi. Halafu sawa na ng'ombe. Halafu pikipiki. Halafu watu wakaacha kumlinganisha, maana hakuna kitu kilichobaki cha kumlinganisha naye. Watu walikwenda kuposa na mfuko wa nailoni wenye maji. Nilimwona mzee mmoja anakwenda kumwombea mwanawe nafasi ya chuo, kaushika mfuko kifuani kama kabeba kichanga, anauambia kwa sauti ya chini, "Vumilia baba, tunafika." Samaki alikuwa ameshageuza tumbo juu. Sikumwambia. Ningemwambia nini?

Wananchi wakaanza kunung'unika kidogo, kwa utulivu, ndipo Mheshimiwa Waziri wa Samaki wa Kutazama akaja uwanjani kutufafanulia. (Kuna wizara nyingine ya Samaki wa Kula. Hawasalimiani.)

"Ndugu wananchi," akasema, "hakuna upungufu. Kilichopo ni wingi wa kutazama. Mmetazama kwa kasi kubwa kuliko samaki wanavyozaliana, na serikali inawapongeza kwa hilo. Bei haijapanda! Kilichopanda ni thamani ya macho yenu. Makofi."

"Makofi" alisema mwenyewe. Tukapiga.

*

Sasa kaka yangu Shekue alikuwa mzamiaji. Ndiye aliyekuwa anawatoa hao samaki huko chini. Anazama na mpira wa hewa mdomoni, na huko juu kwenye boti kuna mashine ya upepo, ile ile ya kujazia matairi, inamsukumia pumzi. Harufu ya petroli haikumtoka hata siku ya harusi yake. Mkewe, shemeji yangu Mwanamvua, alikuwa anamwambia, "Wewe nikikukumbatia naona kama nimeolewa na gereji."

Mwanzoni alikuwa anawapata palepale kwenye miamba ya karibu. Halafu mbele kidogo. Halafu kule maji yanakobadilika rangi. Siku moja tuko uani tunakula, akaniambia:

"Dogo, unajua chini kukoje?"

"Kuna maji."

"Mjinga wewe. Zamani ukizama unasikia miamba inakaanga. Tatatata, kama kikaango cha mama. Vidudu vile, samaki wanaguguna, basi raha. Siku hizi kimya. Najisikia mimi tu ninavyopumua." Akasukuma sahani. "Halafu nikizuia pumzi, bado nasikia mtu anapumua."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Shekue, usinitishe nyumbani kwangu," Mwanamvua akasema. "Kula."

"Nakula. Ila mwenzangu huyo simjui."

Wiki ile ile Waziri akataka samaki ambaye hakuna mtu mwingine anaye. Shekue na wenzake wa boti wakatoka kumtafuta. Mchana nahodha wa boti, Bwana Mbaruku, akaja akasimama mlangoni kwetu, anakataa kiti, anakataa maji, suruali inachuruzika.

"Mama Shekue," akasema, "mpira umepanda wenyewe."

"Na mwanangu?"

"Mimi nasema nilichokiona, mama. Nimeuvuta, ukaja mwepesi. Mpira umepanda wenyewe."

*

Mimi na mama tukaenda kutoa taarifa Ofisi ya Ugavi wa Rangi, inayosimamia wazamiaji, kwa afisa mmoja anaitwa Bwana Mshangama. Mtu msafi, tai imenyooka, sauti ya kubembeleza kama ya muuza magodoro. Akatusikiliza vizuri sana.

"Amepanda?" akauliza.

"Hajapanda," mama akasema.

"Basi yuko chini."

"Ndiyo."

"Na kazini kwake ni wapi?"

Mama akaelekeza kidole baharini.

"Ni chini," Bwana Mshangama akasema kwa upole. "Kwa hiyo yuko kazini. Mama, hongera sana."

Nikamwambia, "Afisa, kaka amekufa."

Akainuka akafunga dirisha. "Kijana, twende pole pole. Ukisema amekufa, utakuwa umesema alizama mno. Alizama mno kwa nini? Kwa sababu karibu hakuna samaki. Hakuna samaki maana yake nini?"

"Upungufu," nikasema.

"Mimi sijasikia," akasema, akafungua dirisha.

Basi Shekue akawa mtumishi hodari kuliko wote. Alikuwa haendi kula, haombi ruhusa, haumwi. Wakampandisha cheo akawa Mzamiaji Mwandamizi. Siku ya wafanyakazi akatajwa mfanyakazi bora, na Waziri akasema vijana wa leo tuige mfano wake, tujitolee kazini bila kutazama saa. Mimi nilikuwa kwenye hadhira, kijana wa leo, natikisa kichwa.

Na hakuwa peke yake. Kila mji wa pwani ulikuwa na watu wake walioko kazini. Ili familia zisipate upweke, redio ikaanzisha kipindi cha salamu, jioni, baada ya taarifa ya habari. Ule muziki wa kipindi ukianza, mtaa mzima unanyamaza. Unasikia mpaka taa inavyonguruma. Halafu mtangazaji, sauti yenye furaha: "Wa kwanza ni Mzamiaji Mwandamizi Shekue Mwinyikai, akiwa kazini. Anamsalimu mama yake mzazi, anamsalimu mke wake mpenzi, na wote wanaomfahamu. Ujumbe wake anasema, huku shwari, maji ni mengi."

Kila jioni. Huku shwari, maji ni mengi.

Shemeji akawa hajielewi. Ni mjane au si mjane? Hawezi kukaa eda, maana eda ya mtu aliyeko kazini ni kosa. Hawezi kwenda harusini, maana watu wanamtazama. Akipaka wanja wanasema, ona huyo, mume yuko chini ya maji. Asipopaka, balozi wa nyumba kumi anakuja kuuliza, mbona unajifanya umefiwa? Akawa anapaka jicho moja. Nakwambia nimemwona kwa macho yangu, anakaa kizingitini na jicho moja lenye wanja, anasikiliza salamu za mumewe.

Usiku alikuwa anamwekea chakula. Asubuhi anakimwaga. Hakuna aliyethubutu kumwambia acha, kwa sababu mama naye alikuwa anachungulia kile chakula, aone kama kimepungua.

*

Halafu kuna jioni moja mtangazaji alikuwa mpya. Nadhani alipewa majina, akaona salamu fupi, akataka kuzinogesha. Si unajua salamu za redio zilivyo, lazima mtu awe na mwenzake. Akasema: "Mzamiaji Mwandamizi Shekue Mwinyikai, akiwa kazini pamoja na baba yake mzazi, Mzee Mwinyikai Shekue, wanawasalimu wote nyumbani. Ujumbe wao wanasema, tuko pamoja."

Mama alikuwa anachambua mchele. Akasimamisha mkono.

Baba alikufa mimi nikiwa darasa la tatu. Kaburi lake nalipalilia mwenyewe.

"Mmesikia?" mama akauliza.

Mwanamvua akazima redio.

"Yuko na babake." Akauweka ungo chini. "Basi wameonana."

Mwanamvua akaingia ndani. Akatoka hana bangili, hana hereni, jicho limeoshwa. Na mimi, ambaye sikai mahali pamoja, nilikaa. Ilikuwa kama nyumba nzima imeshusha pumzi iliyokuwa imeizuia tangu siku ile ya nahodha.

Kulipokucha mama akatandika mikeka nje, akawatumia majirani habari. Watu hawajafika, kafika mwenyekiti wa mtaa, Bwana Kilua, mbio, kofia mkononi.

"Mama Shekue, mikeka ya nini?"

"Matanga."

"Ya nani?"

"Ya mwanangu Shekue."

"Mama! Mtu amepandishwa cheo! Mnataka kumkatisha tamaa huko aliko?"

"Redio yenyewe imesema yuko na babake. Babake wewe ulimbebea jeneza, mguu wa kushoto."

Bwana Kilua akajifuta jasho. "Mimi hayo ya redio siyaingilii. Mimi najua mkusanyiko. Kulia pamoja ni mkusanyiko, na nchi hii mkusanyiko unaoruhusiwa ni wa kusubiri tu."

Mama akamtazama. "Kusubiri tu?"

"Kusubiri tu, mama. Sheria hiyo."

"Ahsante mwanangu," mama akasema. Akaanza kukunja mikeka. Nikadhani ameshindwa.

*

Ofisi ya Ugavi wa Rangi ilipofunguliwa, sisi tulikuwa tumeshafika. Mtaa mzima. Mikeka, mabirika ya kahawa, sufuria la maharage, Ustadh Chande wa madrasa na msahafu wake kwapani. Wanawake wakatandika upande wa dirishani, wanaume upande wa mlango. Mama akaenda dirishani kwa karani, akasema kwa heshima, "Tumekuja kusubiri."

"Mnasubiri nini?"

"Taarifa za mwanangu."

Karani akatazama ule ubao ukutani, akatazama mabirika, akasema, "Karibuni."

Sasa nikueleze lile tangi lao. Samaki wa ofisi ile walikuwa wameshakufa zamani. Lakini ofisi bila samaki ni upungufu, kwa hiyo waliwakausha wakawapaka rangi ya mafuta, ile ya milango, wakawatundika kwa uzi mle ndani ya tangi kavu. Kioo cha juu hakikuwepo, na pangaboi la darini lilikuwa linawapulizia. Kila pangaboi likizunguka, wale samaki wote wanageuka kwa pamoja, taratibu, wanatazama mlango. Halafu wanageuka wote, wanatutazama sisi. Rangi ilikuwa imewaziba macho, lakini nakwambia wanatazama. Watoto walikataa kukaa karibu.

Ustadh akaanza kusoma, sauti ya chini. Na kilio kikaanza, kilio cha kujizuia, cha puani. Bi Zuena, jirani yetu, ambaye hata msibani lazima aseme, akamwita karani:

"Mwanangu, foleni ya kulia ni hii au kuna nyingine? Nisije nikalia kwenye foleni ya leseni."

"Lieni tu hapo, bibi," karani akasema. "Ila kwa zamu."

"Sawa. Mwanamvua, anza wewe, sisi tuko nyuma yako."

Na Mwanamvua akaanza. Alilia, jamani. Alilia kilio chote alichokuwa anakimwaga kila asubuhi pamoja na chakula. Pangaboi likazunguka, samaki wakageuka wakamtazama.

Bwana Mshangama akatoka ofisini kwake. Tai imenyooka.

"Mama, haya ni matanga."

"Tunasubiri, baba."

"Mnasoma dua."

"Tunaombea subira."

"Mnalia!"

"Foleni ndefu," mama akasema.

Akainama karibu na mama. "Mtanifukuzisha kazi. Shekue yuko kazini."

"Na babake je? Redio imesema wako pamoja. Sema redio ya serikali imeongopa, tunakunja mikeka sasa hivi, tunaondoka. Sema tu, baba. Watu wanakusikiliza."

Chumba chote kikamwangalia. Na samaki nao, maana pangaboi lilikuwa limefika. Bwana Mshangama akakaza tai, akarudi ofisini. Tukasikia anapiga simu makao makuu. Hatukusikia alichoulizwa, tulisikia majibu yake tu: "Wengi mheshimiwa... Ndiyo, wanasubiri... Wametulia, isipokuwa kulia... Hapana mheshimiwa, hawajauliza bei."

Makao makuu walifurahi sana. Wakaleta mpiga picha. Jioni redio ikasema wilaya yetu imevunja rekodi ya taifa ya kusubiri, watu wanalala ofisini kwa mapenzi ya sera, na wilaya nyingine ziige. Kesho yake zikaiga. Tukapata habari kutoka huku na kule kwamba wanawake wa miji mingine ya pwani wanaonekana wakielekea maofisini na mikeka kichwani. Waziri akasema hajawahi kuona taifa lenye utulivu namna hiyo.

Tulikaa siku zetu za matanga kama kawaida. Bwana Mshangama hakutoka tena. Lakini kila Ustadh alipoanza kusoma, ule mlango wa ofisi yake ulikuwa unafunguka kidogo, upana wa mkono, na unabaki hivyo hivyo mpaka amalize.

Siku ya kuanua, baada ya dua ya mwisho, Mwanamvua akajifunika akaondoka na Bi Zuena kwenda kuanza eda yake ndani. Alitembea kama mtu anayejua anakokwenda. Wanaume wakakunja mikeka. Mimi nikabeba sufuria, nikamngoja mama mlangoni. Chumba kikabaki na mama na Ustadh, na wale samaki.

Bwana Mshangama akatoka. Hakuwa na tai.

"Mama," akasema, "mmeshahudumiwa?"

"Tumeshahudumiwa."

"Na nani? Mimi sijawahudumia."

"Tumehudumiana, baba. Ahsante kwa chumba."

Mama akavaa viatu pale kizingitini. Mguu mmoja ulikuwa umeshatoka nje. Mshangama bado kasimama katikati ya chumba, anasugua mkono kwa mkono kama ana baridi.

"Mdogo wangu," akasema.

Mama akageuka.

"Mdogo wangu anaitwa Saguti. Naye yuko kazini. Alitangulia, kabla ya Shekue wenu." Alikuwa anaongea na sakafu. "Taarifa ililetwa hapa kwangu, mezani kwangu. Nikaenda mwenyewe nyumbani kumwambia mama yetu. Nilimpa mkono. Nikamwambia, hongera. Akashangilia, mama. Akawaita majirani." Akapapasa shingo, pale tai inapokaa. "Mpaka leo nikienda kumsalimu ananiuliza mwenzako likizo yake lini."

Ustadh Chande alikuwa ameshafunga msahafu. Akamtazama mama.

Mama akavua viatu.